Damu Bado Si Shahidi Kamili wa Saratani ya Tumbo

Katika kliniki za magonjwa ya mfumo wa chakula huonekana mara kwa mara mgonjwa wa aina moja. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, amekonda, matonge machache tu yanamshibisha, na mkononi ana bahasha. Ndani ya bahasha mna karatasi ya maabara yenye kichwa cha habari "vipimo vya saratani", na mbele ya kila kipimo pameandikwa kwamba kiwango ni cha kawaida. Karatasi hiyo aliilipia fedha nyingi miezi kadhaa iliyopita, akaambiwa hana tatizo, akarudi nyumbani na pakiti ya omeprazole. Sasa mpira wa endoskopi unapoingizwa, uvimbe unaonekana umeshika sehemu kubwa ya tumbo, na daktari wa upasuaji anaitwa si kwa ajili ya kuuondoa, bali kutazama kama chakula kinaweza kutengenezewa njia ya pembeni.

Karatasi ile haikudanganya. Viwango vilikuwa vya kawaida kweli. Kilichokosewa ni swali, kwa maana vipimo vile havikubuniwa kumjibu mtu anayetaka kujua kama saratani imeanza tumboni mwake. Na kwa kuwa hamu ya kupata kipimo cha damu kitakachojibu swali hilo ni kubwa, na makundi ya watafiti katika nchi nyingi yanakitafuta usiku na mchana, inafaa mhudumu wa afya na mgonjwa wake wajue damu imekwisha kusema nini, na nini bado haijasema.

Hamu hiyo ina sababu. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2022 watu wapatao 970,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, na wapatao 660,000 walifariki kwayo. Ugonjwa ambao idadi ya vifo vyake inaikaribia kiasi hiki idadi ya wagonjwa wapya ni ugonjwa unaofika hospitali ukiwa umekomaa. Wajapani waliliona hili mapema. Mwaka 1962 wataalamu wao wa endoskopi waliweka tafsiri ya saratani ya tumbo ya awali: ni ile ambayo haijavuka utando wa ndani na tabaka lililo chini yake, hata kama tezi za limfu zimeguswa. Wagonjwa wanaogunduliwa katika hatua hiyo nchini Japani, zaidi ya tisa katika kila kumi huwa hai baada ya miaka mitano. Wale ambao ugonjwa umesambaa kwenye ini au kwenye utando wa fumbatio, wengi wao hawafikishi miaka miwili. Kati ya makundi haya mawili hakuna tofauti ya dawa inayoweza kuziba pengo. Tofauti ni siku ya kugunduliwa.

Afrika Mashariki haipo pembeni mwa habari hii. Maandiko ya kitabibu ya miongo mingi yametaja maeneo yanayozunguka Mlima Kilimanjaro, na nyanda za juu za Maziwa Makuu, yaani Rwanda, Burundi, kusini-magharibi mwa Uganda na mashariki mwa Kongo, kuwa yana saratani ya tumbo nyingi kuliko maeneo jirani. Mwaka 1992 kukazuka katika majarida msemo wa "fumbo la Afrika", kwamba eti bakteria Helicobacter pylori wamejaa barani lakini saratani ya tumbo ni haba. Fumbo hilo limepungua nguvu kila mahali palipopelekwa mashine ya endoskopi na mtu wa kuitumia. Ugonjwa usiotafutwa haufiki kwenye daftari.

Turufu ya kwanza aliyonayo mtafutaji wa viashiria vya damu ni kwamba saratani hii, hasa ile ya aina ya utumbo katika mgawanyo uliowekwa na Lauren mwaka 1965, haianzi ghafla. Pelayo Correa, mwanapatholojia wa Kolombia, aliieleza safari yake hatua kwa hatua. Bakteria huingia, mara nyingi utotoni. Utando wa tumbo huwaka kwa miaka. Tezi zake hunyauka. Mahali pa tezi zilizonyauka huota seli zinazofanana na za utumbo, badala ya seli za tumbo. Baadhi ya seli hizo hupotoka, na baadhi ya zilizopotoka huwa saratani. Safari hiyo huchukua miongo, na wengi walio njiani hawafiki mwisho wake. Lakini kila kituo hubadilisha kile ambacho tumbo hutengeneza, na sehemu ndogo ya kinachotengenezwa huvujia kwenye damu.

Hapo ndipo inapoingia pepsinojeni. Pepsini yenyewe, kimeng'enya kinachovunja nyama tumboni, ilitambuliwa na Theodor Schwann mwaka 1836. Seli za tumbo huitoa ikiwa bado haijaamka, na ikiwa katika hali hiyo huitwa pepsinojeni. Ziko aina mbili. Pepsinojeni ya kwanza hutoka kwenye tezi za sehemu ya juu na ya kati ya tumbo, zilezile zinazotengeneza asidi. Ya pili hutoka tumbo zima na hata mwanzo wa utumbo mwembamba. Tezi zinaponyauka, ya kwanza hushuka na ya pili hubaki palepale au hukaribia hapo, hivyo uwiano kati yao huporomoka. Wajapani walikubaliana juu ya mpaka: pepsinojeni ya kwanza isiyozidi nanogramu 70 kwa mililita, pamoja na uwiano usiozidi 3, ni dalili ya utando ulionyauka.

Wakaiunganisha na kipimo cha kingamwili dhidi ya H. pylori, wakapata makundi manne. Kundi la A halina bakteria na pepsinojeni ni nzuri. B lina bakteria lakini utando bado una nguvu. C lina bakteria na utando umenyauka. D ndilo linalowashangaza wanafunzi: utando umenyauka, lakini kipimo cha bakteria ni hasi. Mtu wa kundi hili akipewa jibu la bakteria peke yake atapongezwa, kumbe tumbo lake limeharibika kiasi kwamba bakteria wenyewe wameshindwa kuishi humo, na kingamwili zimefifia. Hatari ya saratani kwa watu wa D ni kubwa kuliko ya makundi mengine yote. Ni mfano mzuri wa jinsi jibu "hasi" linavyoweza kuwa habari mbaya kuliko jibu "chanya".

Pepsinojeni, basi, ndiyo protini ya damu iliyofika mbali zaidi katika kazi hii. Hata hivyo haigundui saratani. Inagundua udongo ambao saratani huota. Saratani ya aina ya pili katika mgawanyo wa Lauren, ile inayotambaa ndani ya ukuta wa tumbo bila kufanya uvimbe wa wazi na ambayo mara nyingi huwapata vijana, inaweza kuwepo na pepsinojeni ikawa ya kawaida kabisa. Na zipo hali nyingine zinazoivuruga. Figo zikishindwa kazi, pepsinojeni ya kwanza hupanda. Mgonjwa akishatibiwa H. pylori, viwango vyote viwili hushuka na uwiano hupanda, hata kama unyaufu wa tezi ungalipo, kwa hiyo mipaka ya Kijapani haimfai tena. Kibaya zaidi kwa mazingira ya hapa, omeprazole na ndugu zake hupandisha pepsinojeni. Dawa hizo huuzwa katika kila duka la dawa, nyingi bila cheti, na mnunuzi hazihesabu kuwa dawa. Akiulizwa kama anatumia dawa yoyote husema hapana. Mhudumu anayechukua damu bila kuuliza kwa jina, "Umemeza omeprazole wiki hizi mbili?", anaipelekea maabara sampuli iliyokwisha kupotoka.

Vipimo vya CEA na CA 19-9, ambavyo ndivyo vilivyokuwa ndani ya bahasha ya yule mgonjwa, vina historia ya heshima na kazi halali. CEA iligunduliwa Montreal mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman. Inasaidia kumfuatilia mtu ambaye saratani yake inajulikana: ilipanda kabla ya upasuaji, ikashuka baadaye, ikianza kupanda tena daktari huamka. Kama chombo cha kutafuta saratani ya tumbo ya awali kwa mtu asiyejulikana kuwa nayo, haina faida ya maana. Wengi wenye saratani ya awali wana CEA ya kawaida, na wavutaji sigara wengi na wenye maradhi ya ini wana CEA iliyopanda bila saratani. CA 19-9 ina kasoro nyingine isiyosemwa vya kutosha. Watu ambao chembe zao za damu hazina alama ya kundi la Lewis hawawezi kuitengeneza, hata saratani iwe kubwa namna gani. Watu hao ni wengi zaidi miongoni mwa wenye asili ya Afrika kuliko miongoni mwa Wazungu. Kumuuzia mtu kama huyo CA 19-9 kwa ajili ya utulivu wa moyo ni kumuuzia mbuzi kwenye gunia, na maabara zinazopanga vipimo hivi kwenye "vifurushi vya saratani" kwa watu wasio na ugonjwa zingefanya vyema kuviondoa.

Kwa nini isitafutwe protini nyingine? Inatafutwa. Lakini lazima ieleweke kwamba inatafutwa ndani ya bahari. Karibu nusu ya protini yote ya plazma ni albumini peke yake, na protini ishirini na mbili tu zinafanya asilimia 99 ya uzito wote wa protini za plazma. Kile ambacho uvimbe mdogo wenye ukubwa wa punje ya mahindi unaweza kukidondosha kwenye damu kimo ndani ya asilimia moja iliyobaki, pamoja na maelfu ya protini nyingine. Kutoka albumini hadi protini adimu zinazopimika, tofauti ya wingi inazidi mara bilioni kumi. Spektrometa ya masi, mashine inayozitambua protini kwa uzito wa vipande vyake, lazima kwanza iondolewe makelele ya albumini ndipo isikie mnong'ono.

Na mnong'ono huweza kuzuliwa na mikono ya watu. Somo lililo wazi zaidi lilitoka kwenye saratani ya ovari. Februari 2002 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya Emanuel Petricoin, Lance Liotta na wenzao, iliyoonyesha kwamba sura ya protini katika tone la damu, ikisomwa na kompyuta, iliwatambua wagonjwa wote 50 wa kundi la majaribio, na kuwaita wazima kwa usahihi watu 63 kati ya 66. Ilipokewa kwa shangwe, na kampuni ikajiandaa kuuza kipimo. Kisha Keith Baggerly na wenzake wa Houston wakachukua data zilizowekwa hadharani na kuzipitia upya. Waliona kwamba tofauti kati ya wagonjwa na wazima zilionekana hata katika sehemu ya picha ambayo mashine husoma makelele tu, mahali ambapo protini ya mwili haiwezi kusema lolote. Dalili zote zilielekeza kwenye namna sampuli zilivyoandaliwa na kusomwa. Kompyuta ilijifunza kitu, lakini si saratani.

Mkasa huo ungeweza kurudiwa katika chuo chochote kesho asubuhi. Chukulia mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayekusanya damu za wagonjwa arobaini wa saratani ya tumbo na za watu arobaini wazima. Wagonjwa wanatolewa damu mlangoni mwa chumba cha upasuaji, hawajala tangu jana yake, na kichupa kinakaa kwenye trei hadi upasuaji uishe. Wazima ni wachangia damu. Wamekunywa chai, na damu yao inazungushwa kwenye sentrifuji ndani ya nusu saa. Za wagonjwa zimekaa kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri kwa miaka mitatu, umeme ukakatika mara kadhaa, zikayeyuka na kuganda tena. Za wazima ni za mwezi uliopita. Mashine itakuta protini nyingi zinazotofautiana, tasnifu itaandikwa, na kila mtu aliyehusika atakuwa mwaminifu. Kinachokuwa kimepimwa ni njaa, muda na umeme.

Margaret Pepe na wenzake waliweka mwaka 2001 ngazi tano ambazo kiashiria cha kugundua saratani mapema kinapaswa kuzipanda, kuanzia uchunguzi wa maabara hadi kuthibitisha kwamba vifo katika jamii vinapungua kwa sababu yake. Makala nyingi zinazotangaza "protini mpya ya saratani ya tumbo" zimesimama ngazi ya kwanza au ya pili. Hilo si aibu, kwani kila ngazi ina kazi yake. Aibu ni kumtangazia mgonjwa ngazi ya kwanza kana kwamba ni ya tano.

Na hata kipimo kizuri kina hesabu yake. Tuseme imepatikana protini inayowanasa wagonjwa tisa katika kila kumi, na kuwaita wazima kwa usahihi watu 95 katika kila mia. Kwenye karatasi ni kipimo cha kupigiwa makofi. Kipimwe watu 20,000 wenye zaidi ya miaka hamsini, na ichukuliwe kwamba kumi kati yao wana saratani kweli. Kipimo kitawanasa tisa. Kati ya 19,990 waliobaki, asilimia tano wataitwa wagonjwa bila kuwa wagonjwa: ni takriban watu elfu moja. Watu 1,009 wataambiwa kwamba huenda wana saratani, na tisa tu ndio wanayo. Wote wanahitaji endoskopi ili wajulikane. Hospitali inayofanya endoskopi kumi kwa siku, siku tano kwa wiki, itawamaliza baada ya miezi mitano, na katika miezi hiyo mitano yule anayetapika damu atasubiri nyuma ya foleni. Huku mmoja kati ya wale kumi amekwenda nyumbani na bahasha inayosema yu mzima.

Hesabu hiyo haipingi utafutaji wa viashiria. Inaonyesha kwamba kipimo cha damu ni mlango, na mlango usio na chumba nyuma yake hauna maana. Japani na Korea Kusini hazikupunguza vifo kwa damu. Japani ilianza kwa picha za eksirei ikaongeza endoskopi. Korea Kusini huwaita raia wake kuanzia umri wa miaka 40 kila baada ya miaka miwili. Nchi ambayo haiwezi kufanya hivyo, na za Afrika Mashariki haziwezi kwa sasa, inahitaji kipimo cha damu cha kazi nyingine: kumchagua, kati ya wengi wanaolalamika tumbo, nani apande basi kwenda hospitali ya rufaa wiki hii. Kwa kazi hiyo, pepsinojeni na uwiano wake inastahili kujaribiwa kwa dhati katika watu wa hapa, na mipaka yake ipimwe upya badala ya kunakiliwa kutoka Tokyo. Sampuli zikusanywe Moshi, Mbarara na Bujumbura kwa utaratibu mmoja, kabla hajajulikana nani mgonjwa na nani mzima, na kila mmoja aliyetolewa damu afanyiwe endoskopi na kunyofolewa vinyama. Ni kazi ya miaka, haileti vichwa vya habari, na wafadhili huikwepa.

Wakati huo unasubiriwa, liko jambo ambalo halisubiri protini yoyote. Shirika lilelile la utafiti wa saratani liliiweka H. pylori katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994, miaka kumi na miwili baada ya Barry Marshall na Robin Warren kumwotesha bakteria huyo katika maabara ya Perth. Katika visiwa vya Matsu, Taiwan, wakazi walianza kupimwa na kutibiwa kwa wingi mwaka 2004, na katika miaka iliyofuata wagonjwa wapya wa saratani ya tumbo walipungua kwa takriban nusu. Tiba ile ni vidonge vya wiki mbili. Inavurugwa na mambo madogo: dozi inayokatishwa siku ya tano maumivu yakiisha, kipimo cha kingamwili kinachorudiwa baada ya tiba, kikatoka chanya kwa sababu kingamwili hukaa muda mrefu, mgonjwa akatibiwa mara ya pili na ya tatu bure, kipimo cha choo kinachofanywa mgonjwa angali anameza omeprazole, kikatoka hasi cha uongo. Tabibu wa zahanati anayejua kwamba kipimo cha choo hurudiwa angalau wiki nne baada ya viuavijasumu, na wiki mbili baada ya kuacha omeprazole, anafanya kazi ya kuzuia saratani bila kuwa na mashine hata moja.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza swali moja anapouziwa kifurushi: "Kipimo hiki kikitoka kizuri, daktari, utakuwa na uhakika kwamba sina saratani ya tumbo?" Kwa vipimo vilivyopo leo, jibu la kweli ni hapana. Na mwenye umri uliozidi miaka hamsini ambaye kiungulia chake ni kipya, au anayekonda bila kukusudia, anayeshiba upesi, anayetapika, mwenye upungufu wa damu usio na maelezo, au aliyewahi kuzika mzazi au ndugu kwa saratani ya tumbo, hahitaji kutolewa damu ya viashiria kwanza. Barua yake ya rufaa iandikwe siku hiyohiyo, ikitaja dalili, tarehe zilipoanza, na idadi ya pakiti za omeprazole alizokwisha kumeza.